Dawa ya Kifafa na Daftari la Mtoto

Mtoto wa darasa la pili ameanza dawa za kifafa mwezi Februari. Juni, mwalimu anamwita mama yake. Mtoto anasinzia kipindi cha kwanza, akiulizwa jambo anakaa kimya kitambo ndipo ajibu, na hesabu za kutoa alizokuwa akizipata sasa zinampiga chenga. Bibi anasema ni vidonge. Nesi wa kliniki anasema huenda ni ugonjwa wenyewe. Jirani, ambaye hakuulizwa, anasema watoto wenye kifafa ndivyo walivyo. Mtoto huyu nimemtunga, ila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya kifafa atakuwa amekwishakutana naye.

Nani asadikiwe? Jibu la nusu katika jambo hili lina hatari. Mzazi anayeamini kuwa ni vidonge tu atavitupa, na anayeamini kuwa ni ugonjwa tu hatauliza tena. Kwa hiyo tuanze chini kabisa, kwenye seli moja ya ubongo, tupande taratibu.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila moja imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta unaotenganisha chumvi za ndani na za nje: sodiamu nyingi nje, potasiamu nyingi ndani. Kutokana na utengano huo, seli iliyotulia huwa na umeme mdogo wa kama milivolti 70, upande wa ndani ukiwa hasi. Kwenye utando kuna milango ya protini. Seli ikichokozwa vya kutosha, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, umeme hugeuka, kisha milango hujifunga. Tukio zima huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Umeme huo ukifika mwisho wa seli, humwaga kemikali kwenye mwanya unaoitenga na seli inayofuata. Kemikali mbili ndizo zenye kazi kubwa. Glutameti huichokoza seli ya pili. GABA huituliza: hufungua milango ya kloridi, kloridi yenye umeme hasi huingia, na seli inakuwa ngumu kuchokozeka. Kusoma neno, kukumbuka jina la mtu, kuuzuia mkono usimpige mwenzako, yote hayo ni mpangilio wa seli zipi zichokozwe na zipi zitulizwe, na kwa wakati gani.

Chukua soko la Kariakoo asubuhi. Kelele ni nyingi, lakini kila sauti ina shughuli yake: huyu anauliza bei, yule anaita mteja, mwingine anamfokea mpagazi. Sasa watu wote wapaze neno moja kwa wakati mmoja, tena na tena. Kelele imezidi, na biashara imesimama. Hilo ndilo degedege. Seli nyingi zinafyatuka kwa pamoja, na kazi ambayo ingefanywa na sehemu hiyo ya ubongo haifanyiki. Zikiwa seli za sehemu inayoongoza mkono, mkono unarukaruka. Ukiwa ubongo wote, mtoto anaanguka na kukakamaa. Kuna namna nyingine ambayo mtoto hukodoa macho sekunde kumi hivi kisha akaendelea na alichokuwa akifanya, na watu wakadhani alizubaa tu.

Hapa ndipo unapoliona tatizo la dawa yoyote ya kifafa. Njia ambazo degedege linazitumia ndizo hizohizo mtoto anazotumia kufikiri. Hakuna mlango wa sodiamu wa kifafa na mwingine wa hesabu za kutoa. Kidonge hupita tumboni, huingia kwenye damu na kufika kila pembe ya ubongo, kwenye seli zenye hitilafu na zile zisizo na kosa lolote. Dawa hizi haziondoi chanzo cha kifafa. Zinafanya seli ziwe nzito kidogo kuchokozeka, na uzito huo ukipita kiasi, mawazo nayo yanakuwa mazito.

Lakini dawa hazifanani katika jinsi zinavyoleta uzito huo. Fenobabitoni, ambayo wengi huiita feno, huushikilia mlango wa kloridi ukae wazi muda mrefu zaidi kila GABA inapoufungua. Inatuliza popote palipo na GABA, na GABA iko karibu kila mahali. Kabamazepini na fenitoini hupita njia nyingine. Mlango wa sodiamu ukishafunguka na kujifunga, hukaa kitambo kidogo sana katika hali ya kufungika ambayo hauwezi kufunguliwa tena. Dawa hizi huukamata ukiwa katika hali hiyo na kuuchelewesha. Seli inayofyatuka polepole milango yake haiko katika hali hiyo mara nyingi, kwa hiyo haiguswi sana. Seli inayofyatuka mfululizo, kama inavyokuwa wakati wa degedege, milango yake imo humo kila mara, na dawa inaikuta.

Hata kabla ya kusoma utafiti wowote, basi, tunaweza kubashiri mambo matatu. Dawa inayotuliza kila kitu itagusa akili kuliko ile inayochagua. Kipimo kikubwa kitagusa kuliko kidogo. Na dawa mbili kwa pamoja zitagusa kuliko moja. Ubashiri huu umesimama vizuri kwa ujumla, ila njiani kuna mambo ambayo seli moja pekee haiwezi kutueleza.

Fenobabitoni iliingia kwenye tiba ya kifafa kama dawa ya usingizi. Mwaka 1912 daktari kijana wa Freiburg, Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliitumia kuwatuliza wagonjwa wodini, akaona kwamba waliokuwa na kifafa walianguka mara chache zaidi. Kabla yake dawa iliyotegemewa ilikuwa bromidi, iliyoanza kutumika London mwaka 1857 kwa Charles Locock, na ambayo iliwaacha wagonjwa wengi wakiwa wamelewalewa. Fenobabitoni, iliyouzwa kwa jina la Luminal, ilikuwa nafuu kubwa kwa kulinganisha. Hauptmann alikuwa Myahudi. Wanazi walimnyang'anya kazi, wakamfunga katika kambi ya Dachau mwaka 1938, akakimbilia Marekani na kufia Boston mwaka 1948. Dawa yake ilibaki, na imekuwa ikitumika kwa zaidi ya miaka mia moja.

Imebaki kwa sababu ni rahisi mno. Shirika la Afya Duniani linaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na gharama yake kwa mwaka inaweza kuwa chini ya dola 5 za Marekani kwa mgonjwa. Katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, na fenobabitoni ndiyo iliyokuwa silaha yake kubwa. Watu waliokuwa wametengwa, wakila peke yao na kulala peke yao, walianza kurudi mashambani na jikoni. Anayeisema vibaya dawa hii akumbuke hilo kwanza. Kati ya watu wapatao milioni 50 duniani wenye kifafa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba hiyo. Mtoto asiyetibiwa anaweza kuangukia moto wa kuni, kisima au mto. Anaweza pia kupata degedege lisilokatika, na degedege la namna hiyo huua, au huacha ubongo umeumia.

Turudi kwa mtoto wetu, tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoeleza kusinzia kwake. Tuseme ana kilo 20 na anapewa miligramu 60 za fenobabitoni kila usiku, yaani vidonge viwili vya miligramu 30. Dawa hii huondoka mwilini polepole sana. Kwa watoto, nusu yake huchukua kama siku mbili hadi tatu kuondoka. Tukichukua siku tatu, ina maana kila siku inaondoka karibu moja ya tano ya kilichomo.

Usiku wa kwanza mwilini zimo miligramu 60. Kesho yake jioni zimebaki kama 48, anameza 60 nyingine, zinakuwa 108. Siku ya tatu zinafika kama 146, ya nne 177. Akimeza mara ya kumi anakaribia 270. Kupanda huku kutaisha lini? Siku ambayo moja ya tano ya kilichomo inalingana na dawa anayomeza. Moja ya tano ya 300 ni 60. Kwa hiyo, baada ya wiki mbili au zaidi, mtoto anatembea na dawa mara tano ya ile ya usiku wa kwanza, ingawa vidonge havijaongezwa hata kimoja.

Mzazi anayesema "siku za mwanzo alikuwa sawa, kisha akaanza kuwa mzito" hajakosea, wala hajaona kitu cha ajabu. Tena kuna jambo linalokwenda kinyume na hilo: ubongo huzoea. Kusinzia kunakoletwa na fenobabitoni mara nyingi hupungua wiki zinavyokwenda. Wiki ya pili dawa inapanda na mazoea hayajaja, na ukimhukumu mtoto wiki hiyo utamwonea. Akiwa bado anasinzia darasani mwezi wa tatu wa tiba, hilo ni jambo la kurudi nalo kliniki.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini dawa hii haikatwi ghafla. Ubongo uliozoea kutulizwa umejipanga upya ukitegemea utulivu huo. Dawa ikiondoka yote katika siku chache, seli zinabaki zikichokozeka kuliko hata zilivyokuwa kabla ya tiba, na degedege linaweza kurudi mfululizo. Mama aliyeona mwanawe anakuwa mzito akavitupa vidonge Jumatatu, akampeleka hospitali Jumapili akiwa hajitambui, ataambiwa na majirani kwamba kifafa kimemzidi. Kilichomzidi ni kukatizwa dawa.

Fenitoini ina hila yake, na hii ni lazima isemwe kwa sababu imewaponza wengi. Ini huivunja fenitoini kwa vimeng'enya vinavyojaa kazi mapema. Vikishajaa, kuongeza kidogo kwenye kipimo kunainua dawa ndani ya damu kwa kiasi kikubwa mno. Mtoto aliyeongezewa nusu kidonge akaanza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili na kuandika herufi zinazotetemeka amepita kiwango cha dawa. Asiitwe mvivu, arudishwe hospitali.

Hayo yanatuonyesha jinsi dawa inavyoweza kuwa na lawama. Kama ndiyo yenye lawama kwa mtoto huyu au la, hatujaliamua bado, kwa sababu dawa haiko peke yake. Kuna kilichosababisha kifafa: kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kichwani. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wameonyesha kwamba malaria ya ubongo inaweza kumwachia mtoto kifafa na wakati huohuo ikamdhoofisha lugha na kumbukumbu. Mtoto wa namna hiyo angekuwa mzito hata kama asingemeza kidonge chochote. Kuna madegedege yenyewe, hasa ya usiku ambayo hakuna aliyeyaona, yanayomwamsha mtoto akiwa amechoka na kichwa kinamuuma. Na kuna shule: siku alizokosa, na mwalimu aliyeacha kumuuliza maswali kwa kumwonea huruma. Sababu hizi nne humkuta mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ukichukua watoto wanaotumia dawa nyingi ukawalinganisha na wanaotumia moja, utakuta wa dawa nyingi wako nyuma, lakini hao ndio pia wenye kifafa kikali zaidi. Ulinganisho huo hauthibitishi kitu.

Ili kuitenga dawa, inabidi kupata watoto wanaofanana kwa kila kitu, nusu wapewe dawa na nusu wapewe kidonge kisicho na dawa, na kura ndiyo iamue nani apate kipi. Kwa mtoto mwenye kifafa hilo haliwezekani kirahisi, maana kumnyima dawa ni kumhatarisha. Ila kulikuwa na kundi moja ambalo lilifaa: watoto wadogo wenye degedege la homa. Zamani madaktari wengi waliwapa fenobabitoni kila siku, kwa miezi, ili degedege lisirudi. Watoto hao wengi hawana kifafa, na ubongo wao ni mzima.

Mwaka 1990, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Jacqueline Farwell na wenzake wa jimbo la Washington, Marekani. Watoto 217, wenye umri wa miezi 8 hadi 36, waligawanywa kwa kura kati ya fenobabitoni na kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka miwili, wastani wa alama za kipimo cha akili, IQ, katika kundi la fenobabitoni ulikuwa chini kwa alama 7. Miezi sita baadaye, dawa ikiwa imekwisha kuachwa, pengo lilikuwa bado alama 5.2. Na degedege lenyewe halikupungua kwa kiwango cha kueleweka.

Tusiipite haraka namba hiyo. Kipimo cha IQ kimepangwa ili wastani uwe 100, na watoto wengi, kama theluthi mbili, waangukie kati ya 85 na 115. Chukua watoto 100, uwapange kuanzia anayeongoza. Wa katikati, wa 50, akipoteza alama 7 anashuka hadi nafasi ya 68 hivi. Bado anaweza kusoma na kumaliza shule, lakini amepitwa na wenzake 18 aliokuwa akilingana nao au kuwazidi. Huo ni wastani: wapo ambao hawakuguswa na wapo waliopoteza zaidi.

Tena watafiti waliwahesabu watoto kwa kundi walilopangiwa na kura, hata wale walioacha dawa njiani, na walioacha hawakuwa wachache. Utaratibu huo ni wa haki, kwa sababu ukimtoa kila aliyeacha, unamtoa pengine yule aliyeathirika zaidi. Ila una maana pia kwamba kwa aliyemeza kila siku, athari ya kweli inaweza kuwa kubwa kuliko 7. Watoto hao walipofuatiliwa tena wakiwa shuleni, tofauti ya IQ ilikuwa imepungua hadi isiweze kutofautishwa na bahati tu. Katika kusoma, hata hivyo, kundi la fenobabitoni lilikuwa bado nyuma. Nadhani hilo ni fundisho kubwa kuliko alama 7 zenyewe: ubongo unaweza kurudi mahali pake, lakini miezi ambayo wenzake walikuwa wakijifunza maneno haimrudii mtoto.

Je, basi fenobabitoni ipigwe marufuku kwa watoto? Kuna tafiti nyingine mbili ambazo haifai kuzificha. Mwaka 1998 watoto 94 wenye kifafa katika vijiji vya Bengal Magharibi, India, waligawanywa kwa kura kati ya fenobabitoni na fenitoini. Mwaka 2007 watoto 108 wa Dhaka, Bangladesh, waligawanywa kati ya fenobabitoni na kabamazepini. Kote kuwili, wa fenobabitoni hawakuonyesha matatizo ya tabia kuliko wenzao. Watu wengi hushika upande mmoja na kuutupa mwingine, lakini ukisoma kila utafiti uliuliza nini, hazipingani. Washington waliuliza: kuna tofauti gani kati ya dawa na kutokuwa na dawa, kwa mtoto asiyehitaji dawa? Asia waliuliza: kuna tofauti gani kati ya dawa hii na dawa nyingine, kwa mtoto anayeihitaji kweli? Tena walitazama zaidi tabia, si IQ. Mtoto aliyekuwa akianguka kila wiki, madegedege yakikoma, anapata kitu ambacho kinaweza kuufidia uzito wa dawa. Mwenye degedege la homa hakuwa na cha kufidiwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa mtoto mwenye kifafa, ambaye kituo chake cha afya kina fenobabitoni tu, aimeze, na kwa bidii. Kwa degedege la homa asipewe kila siku. Na pale kabamazepini inapopatikana na aina ya kifafa inairuhusu, mtoto ambaye tayari ana ulemavu wa akili, au ambaye hatulii, aanze na hiyo. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Ni vizuri mzazi ajue pia kwamba feno haiwasinzishi watoto wote. Baadhi huwafanya wasitulie hata kidogo, wakaruka kutwa nzima, na mwalimu akadhani ni utundu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote unahusu watoto wa kile kifafa cha kukodoa macho na kuzubaa. Mwaka 2010 Tracy Glauser na wenzake, Marekani, waliwagawa kwa kura watoto 453 wenye kifafa cha namna hiyo kati ya dawa tatu: ethosuksimidi, valproeti na lamotrijini. Baada ya wiki 16, ethosuksimidi na valproeti zilikuwa zimefaulu karibu sawa, asilimia 53 na 58, na lamotrijini asilimia 29 tu. Kama wangeishia kuhesabu madegedege, wangesema valproeti na ethosuksimidi ni ndugu. Lakini waliwapima watoto uwezo wa kukaza fikira, na hapo tofauti ikajitokeza: waliokuwa na tatizo hilo walikuwa asilimia 49 kwa valproeti na 33 kwa ethosuksimidi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba waliwapima kabla ya kidonge cha kwanza. Asilimia 36 walikuwa tayari na shida ya kukaza fikira, na kwa wengi shida haikuondoka hata kuzubaa kulipokoma. Hapo bibi na nesi wote wanapata sehemu ya ukweli: sehemu ya uzito ilikuwapo kabla ya dawa, na juu yake dawa moja iliongeza kuliko nyingine. Bila kipimo cha mwanzo, asilimia 49 yote wangeitupia valproeti.

Dawa nyingine nizitaje kwa ufupi. Topirameti inajulikana kwa kumfanya mtu alitafute neno analolijua na asilipate. Levetirasetamu kwa kawaida haigusi sana kumbukumbu, lakini inaweza kuleta hasira na ukali hadi familia ishindwe kumtambua mtoto. Lamotrijini ni nyepesi kwa akili, ila lazima ipandishwe polepole kwa sababu ya vipele vya hatari. Valproeti ina jambo moja ambalo kila mzazi wa binti lazima alijue: inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Utafiti uliofanywa Marekani na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watoto wa miaka sita ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito wana wastani wa IQ wa 97. Wa kabamazepini walikuwa na 105, na wa lamotrijini na fenitoini 108. Binti wa miaka kumi anayeanzishiwa valproeti leo hatabaki na miaka kumi.

Wengi wa wasomaji wa makala hii hawana mwanasaikolojia wa kumpima mtoto kabla ya dawa. Wanacho kitu kingine. Daftari la shule lina tarehe kila ukurasa. Limesahihishwa na mtu ambaye mara nyingi hajui siku dawa ilipoanza wala siku ilipoongezwa, kwa hiyo hakupendelea upande wowote. Hilo ndilo watafiti hulitafuta kwa gharama kubwa: mpimaji asiyejua nani kapewa nini. Chukua daftari la hesabu na la imla, uweke kando kadi ya kliniki yenye tarehe za dawa, na ulinganishe. Usihesabu vyema na mikasi peke yake. Angalia maswali mangapi aliyamaliza, maana dawa nyingi hugusa kasi kabla ya kugusa uelewa: mtoto anapata yote aliyoyafanya, ila amefanya manne wenzake wamefanya kumi. Angalia sentensi zilizokatika katikati zikaendelea baada ya pengo, kwani huenda alizubaa hapo. Angalia mwandiko ulioanza kutetemeka wiki mbili baada ya kipimo kuongezwa. Na kwa kuwa masomo yenyewe yanazidi kuwa magumu, mlinganishe na nafasi yake darasani, usimlinganishe na alama zake za mwaka jana.

Ukimpelekea daktari madaftari hayo, mazungumzo yanabadilika. Kuporomoka kulikoanza mwezi mmoja kabla ya dawa hakuwezi kuwa kosa la dawa. Kulikoanza wiki ya tatu baada ya kipimo kupandishwa kunaelekeza huko, na daktari ana la kufanya: kupima dawa kwenye damu pale maabara inapoweza, kupunguza kipimo, kuhamisha dozi yote iwe usiku, kubadilisha dawa, au kuondoa moja kati ya mbili. Kulikoendelea polepole miaka yote, bila kujali tarehe za kliniki, kunaelekeza kwenye ubongo wenyewe, na msaada unaohitajika hapo ni wa darasani: muda zaidi wa mtihani, dawati la mbele, mwalimu anayerudia.

Dawa zikija kuondolewa, mara nyingi baada ya miaka miwili bila degedege, mzazi asitarajie mtoto mpya. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 1993, ulioongozwa na Mholanzi Albert Aldenkamp, uliwapima watoto kabla na baada ya kuacha dawa. Uliona nafuu katika kasi ya vitendo, na kidogo sana kwingineko. Kuondoa huko hufanywa hatua kwa hatua, kwa miezi, chini ya uangalizi wa daktari. Kama mtoto alikuwa akitumia dawa mbili, huanza kupunguzwa moja hadi iishe ndipo ya pili iguswe, ili kitakachobadilika kwenye daftari kijulikane kimetoka wapi.